Zana Niliyoiandikia Mstari Mmoja

Acheni nijianike mwenyewe kabla shangazi zangu hawajanianika.

Baba mdogo ana duka la vitambaa Gitega, na mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo, cheo nilichojipa. Mwezi uliopita niliweka akili bandia kwenye simu ya duka iwajibu wateja. Nikaipa zana ya kuagiza kitambaa kikatwe na kupelekwa kwa mteja. Zana huandikiwa maelezo: inafanya nini, itumike lini. Mimi nikaandika, "Itumike mteja akisifu kitambaa," nikaenda kunywa chai.

Sasa huku kwetu nani hasifu? Unasifu kwanza, ndipo unakataa kwa adabu.

Shangazi Mwajuma wa Muyinga alikuwa anamwoza binti yake, akachagua kitambaa cha kijani kwa upande wa bibi harusi tu. Picha ya kitambaa hicho ilikuwa kwenye simu ya duka, wateja wote wakiiona. Watu wakaisifu, wakaletewa, wakadhani ni zawadi ya harusi, wakashona.

Siku ya harusi upande wa bwana wakaingia: kijani. Majirani: kijani. Hata mtalaka wa bwana harusi alikuja na kijani, tena kimemkaa.

"Ni mashine, shangazi," nikajitetea.

"Bon, haya, lete hiyo simu." Akasoma mstari wangu kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Kisha akanitabasamia, nikaogopa. "Pilau iko nzuri?"

"Nzuri sana, shangazi."

Akanipakulia sahani ya pili, na ya tatu akaimwaga juu yake.

"Umesifu. Kula."