Kifundo Nilichokichua

Mikono yangu hii imechua miguu ya watoto wengi wa Mtawanya. Waliokuja wakichechemea wakarudi wakitembea, majina yao ninayo mpaka leo, na ya mama zao. Siyaandiki, maana hakuna hata mmoja aliyekuja kunipa pole.

Mjukuu wangu alikuwa mkimbiaji. Walishamchagua kuiwakilisha wilaya. Siku hiyo mazoezini akakanyaga shimo, kifundo cha mguu kikavimba hadi kiatu kikagoma kutoka. Mwalimu wake wa michezo, binti wa bara, akamleta mwenyewe kwa bodaboda.

"Shikamoo, bibi. Nakuomba usiuchue huu mguu. Funga barafu kwenye kitambaa umwekee, alale ameuinua juu ya mto, asiukanyage. Kesho tunampeleka akapigwe picha."

"Barafu wanawekewa samaki kule Ufukoni, mwalimu. Huyu ni mtu."

Wanawake waliokuwa wakibangua korosho uani kwangu wakacheka. Mwalimu akatazama chini. Nilijiona mkubwa, sikufichi.

Alipoondoka nikachemsha maji ya chumvi, nikapaka mafuta ya nazi, nikakamata.

"Bibi, kuna kitu kinasagika ndani."

"Damu mbaya hiyo, inatoka. Vumilia, mke mwenza, au unataka wenzio wakuache nyuma?"

Asubuhi mwalimu akaja. Nikamwambia mtoto amelala, anaendelea vizuri. Nikachua siku tatu. Ya nne nikamwambia akanyage. Akakanyaga, akaanguka.

Hospitali daktari akainua picha kwenye mwanga. Ulikuwa ufa mdogo tu, alisema, ungetulizwa ungeunga wenyewe. Sasa mfupa umehama. "Nani aliuchua?"

"Nilianguka tena, daktari," mjukuu wangu akajibu. Hakunitazama.

Wakamfunga plasta. Mfupa ukaunga kombo. Anatembea, lakini kukimbia hawezi, hata akichelewa shule. Mashindanoni alikwenda mwingine.

Nyumbani hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Juzi mama mmoja kamleta binti yake, kateguka kwenye netiboli. Nikaanza kukunja mikono ya gauni. Mjukuu wangu akatoka ndani na ule mwendo wake, akasimama katikati yetu.

"Bibi yangu hachui tena. Mpeleke hospitali, na umbebe, asikanyage."

Yule mama akanitazama mimi, akingoja nimkaripie mtoto.

"Si umesikia?" nikamwambia.