Nilivyojifungia Chooni na Mzee Nassor

Hii habari mke wangu huwa anaisimulia vibaya, anaongeza chumvi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe, aibu ni yangu hata hivyo.

Mimi ni seremala, hapa hapa Ngamiani, na mwaka ule vitu ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kurudi madukani, sabuni unaipata, sukari ukibahatika, lakini skrubu ndefu hakuna mpaka mtu akupenyezee za magendo mpakani Horohoro. Nikamtengenezea Mzee Nassor mlango wa choo (mzee wa Kipemba, msafi, maneno machache), na kishikio cha ndani nikakibana kwa skrubu fupi nilizokuwa nazo. Kazi ikaisha, tukapeana mikono.

Masika yakaanza, akaniita. Mlango haufungi, na siku hiyo hiyo wanakuja watu wa Muheza kumposa binti yake, hawezi kuwapeleka wageni kwenye choo kilicho wazi. Nikafika, nikamwamkia, nikautazama, mbao imevimba kwa mvua, kazi ya kupiga randa kidogo tu. Lakini randa nilikuwa nimeiacha nyumbani, na njia nzima nilikuja nimenuna kwamba ananisingizia, basi nikamwambia mlango unafunga, mzee, ni kuusukuma tu. Akasema ameusukuma sana. Nikamwambia aingie ndani nimwonyeshe.

Akaingia. Choo chenyewe ni cha uani, shimo katikati, pipa la maji pembeni, watu wawili wakisimama lazima wagusane. Nikaupa mlango bega kwa ndani. Ukaingia kwenye fremu kama kizibo. Nikamgeukia, "Umeona, mzee?" (kwa sauti ya ushindi, hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo), nikavuta kishikio tutoke, kikaja chote mkononi mwangu na skrubu zake.

Nikataka kumwita mkewe, Bi Zuhura, atusukumie kwa nje, lakini kabla sijafungua mdomo tukasikia hodi barazani. Wageni wamewahi. Mzee akaniziba mdomo kwa kiganja, akaninong'oneza kwamba wakwe hawawezi kumwona anaokolewa chooni akiwa na mwanamume mwingine, nifungue kimyakimya. Nikajaribu kwa kucha, nikajaribu kwa penseli, ikavunjika. Huko nje Bi Zuhura amemtafuta mumewe hamwoni, tukamsikia akiwaambia wageni kuwa mzee ametoka kidogo, kaenda sokoni kuwatafutia samaki. Mzee Nassor akafumba macho. Sasa hata tukitoka, atatokea chooni na samaki gani?

Tukakaa humo, jasho linatutiririka. Mara kandambili zikaja uani. Ni ami yake bwana harusi, mtu mzima, kaja kujisaidia. Akagusa mlango. Mzee Nassor akakohoa, kama mtu anavyofanya akiwa ndani. Na mimi, wallahi sijui kwa nini, nikakohoa.

Yule ami akauliza kwa upole, "Samahani, mko wangapi humo?"

Mzee Nassor akanitazama, akautazama mlango, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Wawili," akasema. "Mimi ndiye baba wa binti."

"Na mwenzio?"

"Fundi."

Ami akaita watu. Tukaambiwa tukae mbali na mlango, na mbali hapakuwepo, ikabidi tupande juu ya pipa, tumekumbatiana tusianguke. Bwana harusi mtarajiwa, katika kanzu yake mpya, akautia bega. Mlango ukaja na fremu yake, bwana harusi nyuma yake, pipa likalala, na sisi tukalala na pipa. Nilipofuta maji usoni nikamwona Bi Zuhura kasimama na sinia la kahawa, anamtazama mumewe ambaye yeye mwenyewe amempeleka sokoni.

Posa ilikubaliwa, Mungu mkubwa. Mzee alibadili kanzu, wakazungumza vizuri, ila kila baada ya muda ami alikuwa akiinama kuficha kicheko, mabega yanamtikisika, na kujisaidia akaenda kwa jirani. Mimi nilibeba mlango kichwani mchana kweupe mpaka nyumbani, kila barabara naulizwa nautoa wapi.

Tangu siku ile mteja akiniambia mlango haufungi, namjibu ni kweli haufungi, hata kama sijauona. Na ukija wakati wa kuujaribu, naujaribu nikiwa nje, peke yangu.