Suma Haisikiki

Siku yangu ya kwanza kazini Tukuyu niliiharibu ripita kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka Singida na cheti kipya, kichwa kimejaa kujiona. Ripita, kwa nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, ni mtambo unaokaa mlimani, unapokea sauti hafifu ya redio ya bondeni na kuirusha upya kwa nguvu ili ivuke vilima. Yetu ilikuwa juu ya kilima kimoja Lufingo, ikiunganisha hospitali na zahanati za vijijini. Niliona sauti ni ndogo, nikaikaza volyumu ya ndani kwa bisibisi hadi mwisho. Kila aliyesema akasikika kama ana uji wa moto mdomoni.

Fundi Mkuu wa Mkoa alipanda mwenyewe akairudisha. Akaniambia, "Kijana, ripita haiongezi neno wala haipunguzi. Kazi yako ni kumfikisha mtu kama alivyosema."

Baada ya hapo nikawa fundi mgumu. Nilijifunza kuacha kitanzi cha waya chini ya antena, maji ya mvua yadondokee hapo yasiingie mtamboni, maana mvua ya Rungwe haina adabu. Nilipata pia leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu. Nyumbani kwangu mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, nilijiundia ripita ndogo na antena za mabomba ya alumini. Saketi ya sauti iliyonikubalia nyumbani ndiyo niliyoipeleka mlimani.

Kisha Suma, moja ya vijiji vile, ikanyamaza. Zahanati ya huko ilikuwa na muuguzi mmoja, Nesi Tusajigwe, na redio yake ndiyo iliyoita gari la wagonjwa. Hospitalini taa ya mtambo ilikuwa inawaka kuonyesha kwamba kuna mtu amebonyeza kitufe, lakini sauti haitoki. Mwendeshaji wa redio, Mzee Mwakajila, mtumishi wa siku nyingi aliyehamishiwa kiti kile mwezi uleule, alikuwa anaita, "Tukuyu nasikiliza," na taa inazimika.

Mawimbi yanafika, sauti haifiki: fundi yeyote angeilaumu saketi ya sauti. Nikapanda Lufingo, nikabadilisha kapasita zote, vile vipuri vidogo vya saketi. Nikaenda Suma, nikafungua maikrofoni. Nesi Tusajigwe alisimama mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba redio ni nzima. Nilimjibu kwamba yeye ajue sindano, redio aniachie mimi. Ndivyo nilivyosema, na leo naona haya kuyaandika maneno hayo. Nikapanda Lufingo mara ya pili, mara ya tatu, nikachomelea upya kikuza sauti kizima. Mganga Mkuu wa Wilaya aliponiuliza, nilimwambia nimekaribia.

Katika wiki hizo mama mmoja wa Suma, Atupele, alishikwa na uchungu, na mtoto akakaa vibaya. Nesi alimtuma mtu wa pikipiki kuja kuita gari, akakwama kwenye tope. Gari lilipofika mama aliokolewa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa.

Kesho yake nilikaa kando ya mtambo hospitalini, nimeapa sitoki mpaka niujue ugonjwa wake. Saa saba Mzee Mwakajila alikwenda kula, muuguzi wa zamu akashika maikrofoni. Taa ikawaka. Akaitikia yule muuguzi, na Suma ikaja safi, kila neno mahali pake: Nesi Tusajigwe anaomba chanjo.

Mzee aliporudi nilimuuliza. Hakuficha kitu.

"Yule nesi wa Suma ni mkamwana wangu, fundi. Kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe, wala sura yangu haitazami. Ananitila fijo, ananiogopa sana, ndiyo heshima."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia wiki zote zile.

"Wewe uliuliza habari za redio," alisema. "Habari za watu hukuuliza. Na mimi nilidhani anaita nikiwa sipo." Habari za mtoto wa Atupele alikuwa ameshazisikia.

Mganga Mkuu alitaka kumwandikia nesi barua ya onyo. Nilikataa, na mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Nilimwambia barua itamtia hofu ya pili juu ya ile ya kwanza, anipe siku tatu. Niliunda saketi ndogo ya transista mbili inayotoa mlio wa filimbi, nikaifunga kwenye redio ya Suma, ili nesi aite bila kusema na Mzee ajue ni yeye. Ripita ilikuwa imewekewa chujio la kukata milio mikali, kwa hiyo nikapanda Lufingo mara ya nne kulilegeza.

Filimbi ilipolia mara ya kwanza, Mzee Mwakajila aliinuka kabla sijamwambia. Alimwita muuguzi wa zamu, akavaa kofia yake, akatoka kusimama uani kwenye mvua, amelipa mgongo dirisha. Alifanya hivyo kila siku mpaka alipostaafu, na Suma haikunyamaza tena.

Sasa nami nimestaafu. Vijana wa redio za ridhaa wanakuja kwangu na ripita zao, wananionyesha vipimo kwenye simu. Nawasaidia, lakini kwanza nawauliza nani atazungumza na nani. Wanacheka, wanadhani uzee.

Atupele anauza ndizi sokoni Tukuyu. Miaka yote alikuwa ananisalimia kwa heshima, fundi aliyeleta filimbi. Mwaka huu nilishindwa kuendelea kuipokea salamu ile. Nilikwenda kwenye meza yake, nikamweleza yote: kwamba redio ilikuwa nzima, kwamba nesi aliniambia, kwamba nilikuwa nabadilisha kapasita wakati swali moja tu lingetosha.

Aliendelea kupanga ndizi zake. Kisha akauliza, "Unajua angekuwa na miaka mingapi sasa?"

Nilimwambia ishirini na sita, na masika haya anatimiza ishirini na saba.

Akaacha kupanga, akanitazama. "Kumbe tunahesabu wawili, baba," akasema.