Tisa Walioitwa Wengi

Nakumbuka asubuhi moja ya enzi za Mdachi, mwanangu, wafinyanzi wa kijiji chetu walipojipanga mchangani mistari mitatu, na mimi nikapita mbele yao nikiwahesabu kwa kidole. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule. Nilijiona nina akili kuliko wote waliosimama pale, na akili hiyo ndiyo iliyoniletea aibu ninayokusimulia leo. Nasikia vijana mnabishana juu ya namna ya kuchagua viongozi, na baadhi yenu mnasema namna zote ni sawa, mradi watu wahesabiwe. Hata mimi nilisema hivyo.

Kijiji chetu kipo mbele ya Matema, pale milima inapoteremka mpaka majini na kutuachia ufuko mwembamba tu. Mashamba ya maana hatuna. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga. Wakati ule watu wa bondeni, wa Ikolo na Ndandalo, walikuwa wakija Matema na mahindi, maharage na ulezi, na bei ya chungu ilikuwa kile kinachoenea ndani yake. Ukikijaza, ni chako. Basi mwanamke aliyesimamia shimo la udongo alikuwa ameshika matumbo yetu. Yeye ndiye aliyesema tuchimbe lini, tuchimbe wapi, na nani apate udongo kwanza.

Tangu kale msimamizi alimtaja mwenyewe atakayemfuata. Lakini yule wa wakati wetu alishikwa na homa, na siku ya tatu akafariki bila kutaja mtu. Jumbe aliyewekwa na boma akatuma neno: msipopata msimamizi kabla ya mwezi kwisha, nitawachagulia mimi. Jumbe yule hakujua hata kutofautisha udongo wa kufinyangia na matope ya njiani! Wanawake wakaogopa.

Waliotajwa kwanza walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Tumpe, shangazi yangu, dada yake baba. Mkarimu sana, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, na mikono yake ilifinyanga vyungu vitatu wewe ukiwa bado kwenye kimoja. Wa pili alikuwa Sekela, mtu wa maneno machache. Sekela alikuwa amesema tuache lile shimo la zamani, maana tumechimba chini ya genge mpaka genge limening'inia juu ya vichwa vyetu. Alitaka tukafungue shimo jipya ng'ambo ya kijito, ingawa ni mbali na njia ni ya mawe.

Shangazi hakukubali. Alisema, "Watu wa bondeni wanakuja baada ya mavuno. Tukianza kuhangaika na udongo tusioujua, tutawapa nini? Udongo upate ungali maji!" Na neno lake halikuwa la kipumbavu, mwanangu. Wapo waliokuwa na watoto wanaolala njaa.

Mimi nilimtaka shangazi. Nilikuwa nimekaa shule ya misheni misimu miwili, nikajua kuhesabu, tena nilikuwa nimewaona Wakristo wakichagua wazee wa kanisa kwa kujipanga nyuma ya wanaotajwa. Nikawaambia wanawake, tufanye hivyo, mwenye mstari mrefu ndiye atusimamie. Wakafurahi. Lakini kabla ya siku ile nilikuwa nimezunguka nyumba hadi nyumba nikisikiliza, nikagundua kwamba wengi wanaliogopa genge. Sekela akisimama peke yake, shangazi atashindwa.

Nikaenda kwa Bupe.

Bupe alikuwa mwanamke mpole, naye alikuwa upande wa kuliacha shimo. Nilimkuta akilainisha chungu kwa gunzi la muhindi. Nikamwambia, "Mama, kwa nini na wewe usisimame? Watu wanakuheshimu."

"Sekela si anatosha? Mimi na yeye tunasema jambo moja."

"Mkiwa wawili neno lenu litakuwa na nguvu mara mbili," nikamjibu.

Akaniangalia, akacheka kwa haya, akaniambia, "Ndaga, mwanangu." Alinishukuru! Shukrani ile imenikaa kooni mpaka nimeota mvi.

Siku ikafika. Nyuma ya shangazi walisimama tisa, wa tisa nikiwa mimi. Nyuma ya Sekela saba, nyuma ya Bupe watano. Nikatangaza kwa sauti ya shuleni, "Tumpe ameshinda, ndiye mwenye wengi."

Bibi Subilaga, mkongwe kuliko sisi sote, alikuwa katika mstari wa Sekela. Akauliza, "Wengi kuliko nani?"

"Kuliko kila mmoja wao, Bibi. Tisa ni wengi kuliko saba, na wengi kuliko watano."

"Hao saba na watano wanasema neno moja. Wakiwa pamoja ni wangapi?"

Niliijua hesabu ile kuliko yeye. Nikasema, "Bibi, wengi wape." Watu wakacheka, ngoma ikapigwa, na swali la mkongwe likapita kama upepo.

Katika mstari wetu alikuwapo Lugano, mke kijana aliyeolewa karibu na kwangu. Kisimani alikuwa ameniambia kwamba genge lile linamtoa jasho, na kwamba angetamani Sekela. Lakini mama mkwe wake alikwenda moja kwa moja nyuma ya shangazi, kisha akageuka kumtazama. Nawe unajua macho ya mama mkwe. Lugano akasogea akasimama nyuma yake, akitazama chini.

Tukarudi kwenye shimo la zamani. Siku ya nne genge likaanguka. Halikutoa ishara, tulisikia tu kishindo kama cha wimbi, kisha vumbi, kisha kimya. Lugano ndiye aliyekuwa ndani kabisa. Shangazi Tumpe aliruka shimoni kabla ya mtu yeyote, akachimba kwa mikono mitupu mpaka kucha zikatoka damu, huku akiita, "Lugano! Mwanangu, nijibu!" Tukamtoa hai. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika mara mbili.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Bibi Subilaga. Alikuwa akitwanga vigae vya kuchanganyia udongo, wala hakuacha kutwanga. Nikamweleza yote: nilivyohesabu nyumba hadi nyumba, nilivyomshawishi Bupe, alivyonishukuru. Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikachoka, ndipo akaweka mchi chini.

"Sitakwambia wewe ndiwe uliyeliangusha genge," akasema. "Genge lilikuwa bovu kabla hujazaliwa. Lakini watu walijaribu kulisema, wewe ukawaziba midomo kwa hesabu yao wenyewe. Wengi wape, ulisema. Hukuwapa wengi. Uliwapa tisa, ukawaita wengi."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Kwanza wakuone ulivyo. Kisha ututafutie njia ambayo mjanja kama wewe hataweza kuichezea. Nani aijuaye njia ya panya kuliko panya?"

Nilisimama mbele ya wafinyanzi wote nikasema nilichofanya. Shangazi alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto wake. Bupe alifunika uso kwa kitambaa. Kisha shangazi akasema, "Kama nilipewa usimamizi namna hiyo, siutaki. Tuchague upya. Nitasimama tena, lakini tuchague upya." Siku ile nilimpenda kuliko zamani.

Usidhani tuliipata njia mara moja. Kwanza Bupe alitaka tuzungumze tu mpaka wote tukubaliane, kama wazee wa ukoo. Tukazungumza siku mbili. Wenye sauti kubwa wakaendelea kuwa na sauti kubwa, wenye kunyonyesha wakaondoka, na jioni ya pili waliobaki walikuwa wanakubali kwa sababu ya njaa tu. Mwingine akasema tupokezane, kila mwezi mtu wake. Lakini shimo halichimbwi kwa mwezi. Huyu akianza huku, yule ataanza kule, mwishowe mtakuwa na mashimo mengi na udongo hakuna. Kila njia ina mahali inapovuja, mwanangu. Ukiletewa njia, tafuta kwanza inavuja wapi.

Hatimaye tukaafikiana hivi. Mitungi mitatu yenye midomo myembamba iliwekwa nyuma ya uzio wa matete. Kila mwanamke aingie peke yake, atie kigae kimoja katika mtungi wa anayemtaka, atoke. Nikaona mambo yamekwisha, mpaka Bibi Subilaga akacheka.

"Ninyi ni wafinyanzi kweli? Mkinionyesha kigae, siwaambii kilitoka mkononi mwa nani? Lugano akitia kigae cha chungu chake, mama mkwe wake atakitambua hata gizani."

Ilikuwa kweli. Kila mmoja wetu ana mkono wake na michoro yake. Basi akaleta mtungi wake mmoja mkubwa uliopasuka, akauvunja mbele yetu, kila mtu akapewa kipande cha mtungi uleule, kikubwa kama kucha ya dole gumba.

Neno la mwisho nililitia mimi. Nikasema, asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya vigae vyote, mwenye vichache kuliko wote mtungi wake utolewe, na sisi sote turudi tutie tena katika miwili iliyobaki. Tena mtu asiende nyumbani kabla ya mara ya pili. Hivyo hata mtu akimsimamisha Bupe kwa hila, hila haitamsaidia.

Lugano aliletwa juu ya kitanda cha kamba, akabebwa mpaka nyuma ya uzio, wabebaji wakatoka wakamwacha. Akakaa mle kwa muda. Hadi leo sijui kigae chake kiliingia mtungi gani, wala sijawahi kumuuliza.

Tulikuwa ishirini na wanne, pamoja na wale watatu. Vigae vikamwagwa juu ya mkeka. Shangazi kumi, kwa sababu watu walikuwa wameiona mikono yake ikitoka damu. Sekela vinane. Bupe sita. Umeona, mwanangu? Kwa hesabu yangu ya kwanza shangazi angeshinda tena, na tena kwa wachache. Mtungi wa Bupe ukatolewa, tukarudi nyuma ya uzio mmoja mmoja, jua likiwa limetuelemea. Mara ya pili shangazi alibaki na kumi, Sekela akapata kumi na vinne.

Sote tulimtazama shangazi Tumpe. Alikuwa amekaa akivihesabu tena vigae kwa macho, midomo ikicheza. Kisha akainuka, akachukua jembe lake, akamwambia Sekela, "Haya, mama. Tuanzie wapi?"

Udongo wa ng'ambo ya kijito ulitusumbua. Vyungu vya kwanza vilipasuka motoni karibu vyote, na watu wakaanza kunong'ona. Lakini hakuna aliyeweza kusema Sekela aliletwa kwa hila, na kwa hiyo watu walimvumilia. Shangazi ndiye aliyegundua kwamba udongo ule unataka mchanga wa ziwani uchanganywe humo. Watu wa bondeni walipokuja, vyungu vyetu havikuwa vingi, lakini vilikuwapo, navyo vilijazwa. Mavuno yaliyofuata tulikuwa navyo vya kutosha. Lugano alitembea tena, akichechemea kidogo, na miaka mingi baadaye, Sekela alipozeeka, alichaguliwa yeye kusimamia udongo, kwa vigae vilevile vya mtungi mmoja. Mama mkwe wake alikuwa bado hai, na siku ile alipiga vigelegele kuliko wote.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu akikwambia "wengi wamesema," muulize, wengi kuliko nani? Wanaosema neno moja wakigawanyika, mwenye wachache atawatawala, naye si lazima awe mtu mbaya. Shangazi yangu hakuwa mbaya. Mnyonge mpe mahali pa kuchagulia asipotazamwa, maana anayechagua huku akiangaliwa hajachagua bado. Anayeshindwa mtendeeni kwa heshima, kesho mtahitaji mikono yake. Na ukiona njia ya kuchagua imekupa ulichotaka kwa urahisi mno, irudie uichunguze, hasa kama ni wewe uliyeileta. Njia hubadilishwa. Sisi tuliibadilisha tukiwa wanawake wasiojua kusoma, chini ya jumbe wa boma, kwa vipande vya chungu, ninyi mtashindwaje?

Mungu akupe masikio ya kumsikia asiye na sauti, akupe moyo wa kuwakubali wengi walio wengi kweli, na siku watakapokukataa, akupe nguvu za kuinuka na kuuliza kazi inaanzia wapi. Ndaga, mwanangu. Nenda kwa amani.