Sumu Katika Mtama wa Ndege

Nisamehe mwandiko wangu, mdogo wangu, na makosa ya herufi. Shule niliishia la sita, na mkono wangu ni mzito. Lakini jambo hili nikilinyamazia litanichoma.

Bado naikumbuka asubuhi ile kwetu, mtaa wa Bel-Air. Nkambo, mama wa mama yangu, alikuwa amepooza miguu. Kila siku nilimkalisha uani mbele ya kibao kilichopigiliwa juu ya nguzo, nikamwaga mtama. Njiwa na ndege wadogo walikuja, naye akaongea nao kama majirani. Hao ndio waliokuwa wageni wake, maana watu wenye miguu mizima waliacha kumtembelea.

Kisha akaja kindi. Alipanda nguzo, akaketi katikati ya kibao, akala mtama wote ndege wakingoja ukutani. Nkambo alimrushia kandambili, akamkosa. Kaka yangu mkubwa, yaya Fidèle, alicheka sana. Akasema ataleta sumu ya panya kutoka mpakani Kasumbalesa. Nkambo alimkataza, naye akaitikia vizuri. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilipokuwa ndani namwogesha nkambo, yaya aliichanganya sumu na mtama, akaumwaga kibaoni.

Nilipomtoa nkambo nje, uani, njiwa walikuwa wametapakaa chini ya nguzo. Mmoja alikuwa bado anapigapiga bawa. Kindi alikuwa ukutani, mzima, anajikuna.

Yaya akasema, "Nkambo, iko ndege tu. Nitakuletea kuku mbili."

Nkambo hakupandisha sauti. "Mwizi alikuwa mumoja. Wewe ukawekea sumu bageni yangu bote. Balikuya kula kwangu kwa sababu baliniamini."

Akaomba nimrudishe ndani.

Mpaka leo hasira yangu haijapoa. Mtu anakatazwa, anaitika, kisha anafanya, halafu anataka kulipa kwa kuku.

Nilichoma mtama ule, nikasimika nguzo mpya yenye kibao mbali na miti na ukuta, nikaivalisha bati lililokunjwa kama kofia. Kindi alipanda, akateleza. Lakini ndege walikawia sana kurudi, na nkambo alikaa akitazama mtama usioguswa.

Mdogo wangu, ukitaka kumzuia mwizi, funga njia yake, chakula usikiguse. Mkono unaolisha usiue. Na mzee akikukataza, usimwitikie kwa mdomo tu.

Mungu akupe ua wenye ndege, na uzee wenye wageni.

Niandikie, hata kwa mistari miwili. Niambie kwenu mnamzuiaje kindi, na ndege waliotishwa hukaa muda gani kabla ya kuamini tena.