Tovuti ya Maharagi

Wakati wa vita, nilipokuwa nikitunza cyber ndogo, duka la intaneti, pale Walikale, nilitengeneza tovuti kwa ajili ya watu waliokimbia kijiji chao cha Burungu. Aliyeifungua bila neno la siri aliona mashauri ya kulima maharagi tu. Aliyeliingiza aliona jamaa zake wamejificha wapi.

Asubuhi moja mwanaume mwenye bunduki aliingia.

"Kaka, fungua ile tovuti ya wakimbizi."

Nikaifungua bila neno la siri. Akasoma mpaka chini.

"Iko hii tu?"

"Ndiyo, njo hii tu, Papa. Maharagi."

Akaondoka. Sikuifunga tovuti. Nilibadilisha maneno yote ya siri siku ileile, maana kuna mtu aliyekuwa ameitaja kwake. Mama wa kwanza niliyemupa neno jipya alisoma kwamba binti yake iko muzima, kule Kitchanga.