Kazi Isiyotaka Moshi

Siku yangu ya kwanza kazini Kasulu, kwenye kituo cha utafiti wa mazao, Mkuu wa Kituo alininusa kabla sijamaliza kumwamkia. "Binti, umepaka nini?" Nikasema mafuta ya nazi. "Kaoge kwa maji matupu, halafu urudi." Mimi mtoto wa Muheza! Nilitamani ardhi inimeze.

Nyie mnaoanza leo, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mmea ukiliwa na viwavi au ukikosa maji hutoa hewa za namna yake, nyingine hata pua haizipati. Tulilivisha jani mfuko wa plastiki, tukavuta hewa kwa pampu ndogo hadi kwenye mrija wenye unga wa kuinasa. Mrija ulipelekwa maabara, na mashine ikasema mahindi yanateswa na nini kabla hayajanyauka. Ukiwa na moshi au manukato mwilini, mashine inakusoma wewe.

Basi, sabuni ya kunukia kwaheri. Nilihamishiwa Kibondo, kisha nikarudishwa wilaya ya Kasulu, huku Makere, na kote wanawake wenzangu walikaa jikoni, kuni zinawaka, wanasonga ugali wa muhogo na kucheka kwa Kiha.

"Karibu ndani, dada!"

"Ahsante, kesho nina vipimo shambani."

Jamani, upweke ule! Nilitamani kukaa nao hata siku moja tu. Wengine walisema naringa.

Jirani yangu Mama Ansila alipofiwa na mumewe, nilimwomba Afisa Mtafiti ruhusa nikalale msibani. "Nenda," akasema, "ila ukirudi na moshi hugusi shamba, na viwavi hawangoji." Nilitoa pole nikiwa nimesimama uwanjani, mbali na moto. Iliniuma sana. Msimu ule viwavi tuliwawahi, watu wakavuna, Mama Ansila pia.

Mwaka huu nimestaafu. Muheza sikurudi, nani ananijua kule? Juzi Mama Ansila alikuwa anaozesha binti yake. Nikaoga kwa sabuni ya kunukia, nikajifunga khanga mpya, nikaenda moja kwa moja jikoni. Nikainama niingie.

"Yoo, dada, moshi!" Mama Ansila akainuka mbio. "Mleteeni dada kiti nje!"

"Nimestaafu, Mama Ansila. Moshi haunidhuru tena."

"Najua, dada. Lakini wewe tumekuzoea hivyo."

Wakaniwekea kiti pembeni, upande upepo unakotokea, wakakipangusa vizuri kwa heshima zote. Nikakaa. Huko ndani wakaendelea kucheka.